Masikio yaliyochomoza: Yajue haya kabla hujakubali kisu

NA DAKTARI WETU

Mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu mwezi wa Januari, wiki ambayo shule zilikuwa zikifunguliwa, akiwa amemshika mkono mwanawe wa miaka minane. Nje jua lilikuwa kali, lakini mtoto alikuwa amevaa kofia ya sufu iliyomfunika hadi kwenye nyusi. Nilipomwomba aivue alimtazama mamake kwanza, kisha akaivua polepole na kuinamisha kichwa. Masikio yake yalikuwa yamechomoza kando, yakasimama mbali na kichwa.

"Daktari," mama akasema, "huko shuleni wanamwita Popo. Mimi nataka yakatwe, yawe kama ya watoto wengine."

Nilimgeukia mtoto nikamwuliza yeye anataka nini. Alinyamaza kwa muda, kisha akajibu, "Nataka waache kuniita hivyo."

Mpenzi msomaji, majibu hayo mawili si kitu kimoja. Mama alitaka sikio libadilike. Mtoto alitaka kejeli ikome. Huenda upasuaji ukawa dawa ya yote mawili, na huenda usiwe dawa ya lolote. Nitarudi kwa mtoto huyu baadaye. Kwanza tuelezane upasuaji wa kurekebisha umbo la masikio ni nini, unamfaa nani, na una hatari gani, maana siku hizi matangazo yake yamejaa kwenye simu na wengi hulipa pesa kabla hawajauliza hata swali moja.

KWA NINI MASIKIO HUCHOMOZA

Sehemu ya sikio tunayoiona imeundwa kwa ngozi nyembamba iliyofunika gegedu, yaani ile nyama ngumu inayopindika bila kuvunjika. Ni ncha ya chini tu, pale panapotogwa ndewe, ambayo haina gegedu. Hiyo ni ngozi na mafuta tu.

Mtazame jirani yako kwa makini. Ndani ya ukingo wa nje wa sikio lake utaona mkunjo mwingine unaoshuka sambamba nao. Mkunjo huo ndio unaolilaza sikio nyuma. Kwa watu wengine haukujikunja vya kutosha walipokuwa tumboni mwa mama zao, hivyo sikio husimama. Kwa wengine mkunjo upo, lakini lile bakuli lililozunguka tundu la sikio ni refu mno na hulisukuma sikio zima mbele. Wengine wana kasoro zote mbili.

Kwa kawaida ukingo wa sikio huwa umbali wa milimita 15 hadi 20 kutoka kichwani. Ukizidi 20, madaktari huliita sikio lililochomoza. Jambo hili aghalabu hurithiwa, kwa hivyo kabla hujamlaumu mkunga au mto wa kulalia, mtazame babu wa mtoto. Miongoni mwa Wazungu, ambako limechunguzwa zaidi, hukadiriwa kwamba watu 5 hivi kati ya kila 100 wanalo.

Ni muhimu uelewe hili: sikio lililochomoza si ugonjwa. Linasikia sawasawa na lile lililolala, na upasuaji hauongezi wala haupunguzi usikivu. Mtoto asiyesikia vizuri ana tatizo jingine, na anahitaji kupimwa masikio wala si kurekebishwa umbo.

Tena kuna watoto wachache wanaozaliwa na sikio dogo sana lisilokamilika, au bila sikio la nje kabisa. Hao si wa mjadala wetu wa leo. Yafaa wapimwe usikivu mapema iwezekanavyo, na wakikua daktari bingwa anaweza kuwaundia sikio, mara nyingi kwa kutumia gegedu la ubavu wao wenyewe.

UMRI UNAOFAA

Katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa, gegedu la mtoto ni laini mno kwa sababu bado ana homoni alizopata kwa mamake. Wakati huo sikio linaweza kurekebishwa bila kisu, kwa kuwekewa kifaa laini kinacholishikilia katika umbo linalotakiwa. Kifaa hicho hufanya kazi vizuri kikianza kutumiwa katika wiki 2 au 3 za kwanza. Baada ya hapo gegedu huanza kukaza. Kwa hivyo, mama, ukiona sikio la mtoto wako mchanga limejikunja vibaya, muulize daktari unapompeleka kwa chanjo ya kwanza, usingoje chanjo za baadaye. Lakini usimfunge mtoto kitambaa kichwani wala kumbandika plasta wewe mwenyewe. Ngozi yake huchubuka upesi, na kwa mtoto aliyekwisha kukua plasta haisaidii chochote.

Wakati huo ukipita, itabidi kungoja. Kufikia miaka 5 au 6 sikio huwa limekaribia ukubwa wa lile la mtu mzima, na hapo ndipo madaktari wengi huwa tayari kupasua. Hakuna umri wa mwisho. Mtu wa miaka 40 anaweza kufanyiwa, ingawa gegedu lake ni gumu zaidi kulikunja.

Hata hivyo, umri wa mwili si umri wa akili. Mtoto wa miaka 5 asiyejua kwamba masikio yake yana kasoro hana sababu ya kupasuliwa. Mtoto asiyetaka upasuaji atang'oa bendeji usiku na kuharibu kazi yote. Mimi hungoja hadi mtoto aseme mwenyewe, kwa maneno yake, kwamba anataka.

SI JAMBO LA JUZI

Wako wanaodhani upasuaji huu ni anasa iliyoletwa na sinema. Huko India, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, mafundisho ya tabibu Sushruta yalieleza jinsi ya kuunganisha ncha za masikio zilizochanika. Mwaka wa 1881 daktari Edward Ely wa New York aliandika jinsi alivyoyarudisha nyuma masikio ya mvulana wa miaka 12 aliyekuwa akichekwa na wenzake. Mwaka wa 1963 daktari Jack Mustardé wa Scotland alionyesha njia ya kuunda ule mkunjo uliokosekana kwa kutumia nyuzi pekee, na njia hiyo hutumika hadi leo.

Hapa kwetu pia tusiudharau utaalamu huu. Shirika la AMREF lililoanzishwa mwaka wa 1957 lilianzishwa na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, na wote watatu walikuwa wapasuaji wa kurekebisha maumbile. Mikono inayoyalaza masikio ndiyo hiyo hiyo inayowatibu walioungua moto na watoto waliozaliwa na midomo iliyopasuka.

UPASUAJI UNAVYOFANYWA

Watoto wadogo hupewa nusukaputi ili walale kabisa. Vijana na watu wazima wanaweza kudungwa ganzi karibu na sikio na kubaki macho. Daktari hupasua nyuma ya sikio, mahali ambapo kovu litafichika. Kisha hulikunja gegedu na kulishikilia kwa nyuzi zisizooza, au hulikwaruza ili lilegee na kukubali kupinda. Ikiwa lile bakuli ni refu mno, hupunguza gegedu kidogo au hulishona lishikamane na tishu iliyo juu ya mfupa wa nyuma ya sikio. Masikio yote mawili huchukua saa moja hadi mbili, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Baadaye kichwa hufungwa bendeji kwa siku kadhaa, mara nyingi hadi wiki moja. Bendeji ikitolewa, mgonjwa huvaa mkanda laini kichwani anapolala, kwa muda wa wiki 4 hadi 6, ili sikio lisivutwe na mto. Masikio yatakuwa yamevimba na kubadilika rangi, na ngozi itakuwa na ganzi kwa wiki au hata miezi kadhaa. Kwa hivyo usijitazame kwenye kioo siku ya 7 ukaanza kulia. Umbo kamili huonekana baada ya miezi kadhaa.

HATARI ZAKE

Daktari anayekuambia kwamba upasuaji hauna hatari hakuambii ukweli. Hatari kubwa ya siku mbili za kwanza ni damu kukusanyika chini ya ngozi. Damu hiyo huliziba gegedu lisipate chakula, nalo likifa sikio hujikunyata na haliwezi kurudi lilivyokuwa. Dalili yake ni maumivu makali yanayozidi, hasa ya upande mmoja, yasiyotulizwa na dawa uliyopewa. Ukiona hivyo usingoje asubuhi.

Ya pili ni viini kuingia kwenye kidonda. Sikio huwa jekundu au jeusi zaidi, la moto, lenye uchungu, na pengine hutoa usaha. Gegedu lina damu kidogo, kwa hivyo viini vikilifikia ni vigumu kuving'oa. Hii nayo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna na hatari ndogo ndogo zaidi: nyuzi kuchomoza kwenye ngozi, sikio moja kurudi nje baada ya miezi, au masikio mawili kutolingana sawasawa. Kuhusu hili la mwisho, kumbuka kwamba hakuna mwanadamu ambaye masikio yake yanalingana kikamilifu. Ukitaka yalingane kama sarafu mbili, utatoka kwa daktari huyu uende kwa yule bila kuridhika.

UVIMBE WA KOVU

Kwetu sisi watu wa ngozi nyeusi kuna hatari nyingine ambayo vitabu vya Ulaya huipitia haraka. Hiyo ni keloidi, kovu linalokua likavuka mipaka ya kidonda na kuwa uvimbe mgumu, unaong'aa na kuwasha. Masikio ni mojawapo ya mahali inapopenda kuota, na huwapata zaidi vijana wa kati ya miaka 10 na 30.

Msichana mmoja alinijia akiwa na uvimbe wa ukubwa wa zabibu katika kila sikio, baada ya kutogwa mara ya pili akiwa kidato cha tatu. Alikuwa amekatwa uvimbe huo mara mbili katika zahanati tofauti, na kila mara ulirudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo. Hakuna aliyemwambia kwamba kukata peke yake bila tiba nyingine mara nyingi huikasirisha keloidi. Matibabu yanayofaa huunganisha mambo mawili au matatu: kukata, kudunga dawa aina ya steroidi mahali pale kila baada ya wiki kadhaa, kuvaa kibanio kinachoikandamiza ncha ya sikio kwa miezi, na pengine mionzi katika hospitali kubwa. Haya yanahitaji subira na ufuatiliaji.

Kwa hivyo, kabla ya upasuaji wowote wa sikio, jichunguze. Je, una kovu lolote lililovimba, kifuani, begani, au pale ulipochanjwa? Je, mamako au nduguyo analo? Ukijibu ndiyo, mwambie daktari hata kama hakukuuliza. Pengine atakushauri ubaki na masikio uliyozaliwa nayo, na huo utakuwa ushauri mzuri. Tena wazazi ambao jamaa zao wana keloidi wafahamu kwamba imeonekana huwapata zaidi wanaotogwa baada ya miaka 11 kuliko wanaotogwa wakiwa wadogo. Kwao, lililo salama zaidi ni kutotoga kabisa.

NDEWE ZILIZOPANUKA

Hapa Kenya wengi wanaotafuta mpasuaji wa masikio hawana masikio yaliyochomoza. Ni wale ambao ncha za masikio yao zilipanuliwa kwa desturi, kama ilivyo kwa Wamaasai, Wasamburu na baadhi ya Wakalenjin, au zilichanwa na vipuli vizito au na mtoto aliyevuta kipuli.

Kijana mmoja kutoka Kajiado alikuja na babake. Alikuwa akitafuta kazi mjini na alikuwa amechoka kutazamwa masikio kabla hajaulizwa vyeti. Babake alikuwa amekaa kimya, kisha akaniambia, "Daktari, ndewe hizi zilifurahiwa na kijiji kizima. Leo anataka zishonwe kama nguo iliyoraruka." Sikuwa na jibu la kumpa mzee. Niliwaeleza wote wawili kwamba ndewe iliyopanuka si kasoro ya mwili na haidhuru afya, kwamba kijana ni mtu mzima na uamuzi ni wake, na kwamba baada ya kushonwa litabaki kovu na sikio halitarudi kuwa kama halijawahi kutogwa. Waliondoka wakaenda kuzungumza, na baada ya miezi miwili kijana akarudi. Safari hii mzee alikuja pia, akaketi nje akimngoja.

Upasuaji wa namna hii ni mwepesi kuliko ule wa gegedu. Hufanywa kwa ganzi, huchukua chini ya saa moja kwa sikio, na nyuzi hutolewa baada ya wiki moja hivi. Usitoge tena kabla ya miezi 3, na unapotoga usipitishe sindano kwenye kovu lenyewe, maana hapo ngozi ni dhaifu.

Lakini wepesi huo usikudanganye. Nimemwona mama aliyeunganishwa ncha za sikio kwa gundi, na mwingine aliyeshonwa nyuma ya duka la dawa na mtu asiyejua kwamba kingo za tundu la zamani lazima zikwanguliwe kwanza ndipo zishikane. Yule wa pili alipata usaha, nyuzi zikakatika, na sehemu iliyobaki ikawa ndogo kuliko aliyokuja nayo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini haya tulikuwa bado tunaweza kuyaepuka.

MASWALI YA KUULIZA

Kabla hujatoa pesa, muulize daktari maswali haya, na usione haya:

1. Je, wewe ni bingwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, au wa masikio, pua na koo? Umefanya upasuaji huu mara ngapi? Jina lake liwe katika daftari la baraza linalowasajili madaktari nchini, nalo baraza hilo hutoa leseni mpya kila mwaka.

2. Ni nani atakayenipa nusukaputi, naye ataniangalia hadi nizinduke?

3. Nikipata maumivu makali saa nane usiku, nitampigia nani simu na nitaenda wapi? Asipokuwa na jibu la swali hili, tafuta daktari mwingine.

4. Gharama yote ni kiasi gani? Omba iandikwe: ada ya mpasuaji, ya mtoaji nusukaputi, ya chumba cha upasuaji, ya dawa, na ya kurudi kuangaliwa. Uliza pia ni nani atalipa ikiwa sikio litahitaji kurekebishwa tena. Iulize bima yako mapema, kwa kuwa bima nyingi hazilipii upasuaji wa urembo.

5. Nionyeshe picha za wagonjwa wenye ngozi kama yangu, zilizopigwa mwaka mmoja baadaye. Picha ya wiki ya pili haionyeshi keloidi.

Nawe umweleze yeye ukweli wote: kama una kisukari, shinikizo la damu au selimundu, kama damu yako hukawia kuganda, kama unavuta sigara, na dawa zote unazotumia, pamoja na asprini na zile za miti shamba. Usiache dawa uliyoandikiwa bila kumwuliza.

UKISHAPASULIWA

Lala kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito miwili. Usilowanishe bendeji. Meza dawa kama ulivyoelekezwa. Kaa mbali na mpira na michezo ya kugusana hadi daktari akuruhusu, kwa kawaida baada ya miezi 2 au 3. Vaa shati la vifungo badala ya fulana inayopitia kichwani. Wasichana wasisukwe nywele za kuvuta karibu na masikio hadi kidonda kipone. Na usiruke siku ya kurudi kuangaliwa kwa sababu tu hausikii uchungu.

Sasa tumrudie yule mtoto wa kofia. Siku ile sikumwandikia barua ya kwenda kwa mpasuaji. Nilimwandikia mwalimu wake wa darasa. Mwalimu alilichukulia jambo hilo kwa uzito, na jina la Popo likafifia. Niliamini mambo yamekwisha.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alirudi, na safari hii ni yeye aliyeanza kusema. Alisema hachekwi tena sana, lakini bado hapendi anachokiona kwenye kioo, na alitaka kujua kama ni kweli inauma. Nilimwambia inauma kwa siku chache. Alifikiri, akasema sawa. Hapo nikawapa barua.

Usiku wa pili baada ya upasuaji alianza kulia kwa uchungu wa sikio la kushoto. Jirani mmoja alimwambia mamake ampe tembe nyingine angoje kupambazuke, kwani uchungu ni jambo la kawaida. Mama alikumbuka tulichozungumza, akampeleka hospitali usiku huo huo. Bendeji ilipofunguliwa damu ilikuwa imekusanyika chini ya ngozi. Iliondolewa, na sikio likaokoka.

Nilimwona tena hivi majuzi. Hakuwa na kofia. Masikio yake hayalingani sawasawa, la kushoto limetokeza kidogo zaidi, naye alinionyesha mwenyewe. Nilimwuliza kama linamsumbua. Alisema ni mimi na mamake tu tunaoliona.